Steringi inachekecha nikikanyaga breki, nimechonga diski na tatizo limerudi

Mnyalu_wa_Dar
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaiuza hii gari kwa hasira.

Nina IST ile ya kwanza, injini 1NZ, otomatiki, mwaka wa tatu sasa niko nayo. Mwezi wa nne nilienda Iringa msibani. Kwenda hakuna shida. Kurudi, nimeshamaliza kushuka mlima Kitonga, nimeikamata tambarare kuelekea Ruaha Mbuyuni, ng'ombe wakaingia barabarani. Nakanyaga breki nikiwa kama 90, steringi ikaanza kwenda kushoto kulia kama mtu anachekecha unga. Nikiachia breki, kimya. Nikikanyaga, inachekecha. Mikumi kote nilikuwa 50 kwa hiyo nikadhani imejiponea, kumbe ilikuwa imejificha tu. Kabla ya Morogoro ikarudi.

Dar, fundi wa kwanza akasema ni balansi. Nikabalansi tairi zote nne na alaimenti juu. Hakuna kilichobadilika. Fundi wa pili akasema diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi, zimepinda. Akazifungua, zikaenda kuchongwa, elfu arobaini zote mbili, na pedi mpya. Gari ikawa tamu. Wiki nane tu. Sasa imerudi na naona imezidi. Nikimfuata ananiambia ninunue diski mpya. Swali langu: mpya nazo zikipinda?

Siti ya Mbele
Nimewahi. Nasubiri wajuzi, Premio yangu nayo imeanza mchezo huo.

Kobe_Haachi_Gamba
Uza ununue bodaboda mkuu. Yenye diski mbele huwa nayo moja tu, ukipata tatizo unajua ni ipi.

Dereva wa Mikoani
Mnyalu, Kitonga ulishuka na gia gani?

Mnyalu_wa_Dar
D mkuu. Kulikuwa na lori mbele, nikawa nimekaa na mguu kwenye breki toka juu mpaka chini. Chini kukawa na foleni, nikasimama kama dakika tano hivi.

Dereva wa Mikoani
Na hizo dakika tano mguu ulikuwa bado kwenye breki?

Mnyalu_wa_Dar
Ndiyo. Ulitaka niuweke wapi?

Dereva wa Mikoani
Basi ulizipika, halafu ukazipiga chapa. Mimi Kitonga nimeishuka miaka mingi na mzigo, sijawahi kuipa breki mteremko wote. Gia ndiyo inakamata gari, breki unaigusa kwa nguvu kidogo, unaachia ipumue. Wewe na IST yako ungeweka 2, pakikaza unaweka L. Injini italia, mwache alie, hafi. Na ukisimama chini breki zikiwa zinanuka, usizibane. Tafuta pa kuegesha palipo sawa, weka P, toa mguu. Hendibreki nayo usiivute mpaka zipoe. Pedi ya moto ikikaa sehemu moja ya diski ya moto inaacha alama yake pale. Mengine awaeleze fundi, mimi najua kushuka tu.

Gari Langu
Mkuu nunua diski mpya, usizungushwe. IST kwenye lami, hata bila mzigo, kuunguza breki si ajabu. Zimepinda hizo. Mimi ni wa gereji, tukiziweka mashineni tunaziona kwa macho zinavyoyumba.

Spana 21
Mnyalu, kabla hujatoa hela tena jibu matatu. Mtetemo unausikia wapi hasa, kwenye steringi au kwenye kiti na sakafu? Pedali inakurudisha mguu? Na bila breki, ukifika 100, gari imetulia?

Halafu fanya hivi. Tafuta barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na mtu. Spidi 40 hadi 50. Bonyeza kile kitufe cha hendibreki na usikiachie, ili isijifunge, uvute taratibu mpaka gari ipungue. IST nyuma haina diski, ni dramu, zile breki za ngoma, na hendibreki inakamata dramu hizohizo. Ikitetema hapo, dramu hazina mviringo. Ikiwa laini, nyuma msamehe.

Mnyalu_wa_Dar
Nimefanya asubuhi. Hendibreki laini kabisa. Bila breki nimefika 110, imetulia. Nikikanyaga breki ni steringi hasa, na pedali inapigapiga kidogo chini ya mguu.

Spana 21
Basi ni diski za mbele, na fundi wa balansi alikula hela yako bure. Balansi mbaya inatetema hata usipogusa breki, hasa kuanzia 80. Hata matope yaliyoganda ndani ya rimu yanafanya hivyo. Yako inasubiri breki, kwa hiyo jibu liko kwenye breki.

Sasa hili la "kupinda". Sisi mafundi tunalipenda neno hilo kwa sababu ni fupi na mteja analielewa hapohapo. Mara nyingi diski haijapinda. Unene wake ndio hauko sawa.

Kalipa ya IST, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni moja tu, upande wa ndani, na kalipa yenyewe inateleza kwenye pini mbili. Diski ikiyumba kidogo, kalipa inaifuata kwa kuteleza, mguu wako haujui lolote. Lakini sehemu moja ya diski ikiwa nene kuliko nyingine, kila inapopita kati ya pedi inazitanua, pistoni inarudi nyuma, oili ya breki inasukumwa, pedali inakupiga, na nguvu ya breki inapanda na kushuka kila mzunguko. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kuisikia. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara tatu ya hapo.

Kwa nini inajificha kwenye spidi ndogo? Tairi la 185/65R15 mzunguko wake ni kama mita 1.95. Ukiwa 90 linazunguka karibu mara 13 kwa sekunde, na sasponsheni na steringi za gari ndogo zina mdundo wao wa asili jirani na hapo. Ni kama bembea unayoisukuma kwa wakati wake, kila msukumo unaiongezea. Ukiwa 40 mapigo hayafiki sita kwa sekunde, bembea haiitikii. Diski ni ileile mbovu.

Siti ya Mbele
Hii ya bembea nimeielewa kuliko darasa zima la fizikia.

Gari Langu
Spana unaleta nadharia. Kama haijapinda, mbona mashineni inayumba?

Spana 21
Swali zuri. Kabla ya kuibana, uso wa ndani wa diski uliusafisha? Kama una kutu imejikunja pale katikati, diski imekaa mguu upande mashineni, lazima iyumbe. Mkerezaji anachonga mpaka itulie. Kwenye mashine yake imekuwa sawa. Ukienda kuifunga kwenye habu, pale diski na rimu zinapokaa, nayo ina kutu nyingine, imekaa mguu upande tena kwa namna nyingine. Diski iliyopinda kweli nimeiona, sikatai, hasa ile ambayo mtu kaimwagia maji ya kuoshea gari ikiwa ya moto. Ila nikihesabu gari kumi za aina ya Mnyalu, si ndiyo ninayoanza kuitafuta.

Na hapo ndipo zilipo wiki nane zako, Mnyalu. Angalia: ukichonga diski, unene unakuwa sawa, gari inatulia siku hiyohiyo. Kila mtu anafurahi, fundi analipwa. Lakini kama diski inayumba kwa sababu ya habu chafu, basi hata usipokanyaga breki kuna sehemu moja inayogusa pedi kila mzunguko, safari nzima, kilomita baada ya kilomita. Sehemu hiyo inalika taratibu. Baada ya kilomita elfu chache unene umeshatofautiana tena na steringi inachekecha. Ukinunua mpya ukaifunga palepale pachafu, tutakutana hapa mwezi wa tisa.

Njia ya pili ni ile aliyoisema Dereva. Joto kali na chapa ya pedi. Pakiungua sana, chuma cha diski penyewe hubadilika na kuwa kigumu, unaona madoa ya bluu au meusi. Hayo kuchonga hakuyamalizi kwa sababu yameingia ndani. Yale magumu hulika taratibu kuliko jirani zake, yanabaki kama vinundu. Diski ya hivyo tupa.

Makanika wa Nax
Huku Kenya hii shida tunaiona sana kwa watu wanashuka Mai Mahiu na mguu kwa brake. Naongeza moja tu: mcheki slide pins. Ukitoa pads na upate ya ndani imeisha na ya nje bado ni mpya, hiyo pin imeshika. Caliper haitembei, pad inakaa imegusa disc all the time, joto haliishi. Na msiweke grease ya bearing hapo, ile inatokana na petroli. Rubber inafura, pin inashika tena within miezi. Grease ya silicone ama ile imeandikwa ni ya brake caliper.

Spana 21
Makanika umenitoa neno mdomoni. Na umenikumbusha nati. Nani alifunga tairi zako mara ya mwisho, Mnyalu?

Mnyalu_wa_Dar
Kijana wa gereji. Alitumia ile bunduki ya upepo. Baadaye nilipopata pancha upande wa kushoto, ilibidi nisimame juu ya spana kwa miguu miwili kuzilegeza.

Spana 21
Una kilo ngapi?

Mnyalu_wa_Dar
80 na kitambi.

Spana 21
Toyota ndogo nyingi nati zinakazwa Nm 103. Spana ya sentimita 40 ukisukuma mwishoni kwa uzito wa kilo 26 hivi, umefika. Wewe na kilo zako 80 umesimama mwishoni mwa hiyo spana, hiyo ni kama mara tatu. Na hapo ndipo zikalegea! Diski haina skrubu yake inayoibana pale, inabanwa na rimu na hizo nati. Moja ikikazwa kama jela na nyingine kama ya kuazima, diski inavutwa upande mmoja.

Jumamosi tafuta mtu mwenye geji ya saa ya kupima diski inavyoyumba, na maikromita ya kupima unene. Bila vipimo tunapiga ramli.

Mnyalu_wa_Dar
Jirani yangu ni mkerezaji wa vyuma, anavyo vyote viwili. Nitarudi na majibu.

Siti ya Mbele
Uzi umepoa. Mnyalu uko hai?

Mnyalu_wa_Dar
Niko hai, mikono ndiyo imekufa. Wakuu kaeni vizuri, ni ndefu.

Tumepandisha gari kwa jeki, tukaweka stendi, tukatoa tairi za mbele. Kwanza jirani akanitikisia tairi kabla hajalitoa. Juu na chini halichezi, kwa hiyo beringi na boljointi ziko sawa. Kushoto na kulia halichezi, tairodi ziko sawa. Bushi ya nyuma ya kontroliamu ya kushoto imeanza kuchanika, akasema hiyo si mwizi, ila inamfungulia mwizi mlango: mtetemo mdogo unafika kwenye steringi umekuwa mkubwa.

Kulia: pini zinateleza kwa kidole, pedi zimelika sawa. Maikromita sehemu nane kuzunguka diski, tofauti milimita 0.01. Tukaachana nayo.

Kushoto. Pedi ya ndani imebaki nusu ya ile ya nje. Hizi ni pedi za wiki nane! Pini ya chini imegoma, tumeitoa kwa nyundo na maneno mabaya. Grisi imegeuka lami, mpira wake umefura kama maandazi. Makanika wa Nax, chai yako ipo. Maikromita: tofauti 0.04. Tukafunga nati na washa (vile vipete vya chuma) ili diski ikae kama ilivyo ikiwa na rimu, tukaweka geji karibu na ukingo, tukazungusha kwa mkono. Sindano ikatembea 0.13. Jirani akanitazama, akasema "hii ngoma inacheza kuliko mchezaji".

Tukatoa diski. Uso wa habu, kutu imekaa kama pete kuzunguka kila stadi (bolti inayoshika nati), na juu yake rangi. Sijui rangi ilitoka wapi. Ni wazi aliyezichonga alizirudisha bila hata kupitisha kitambaa. Brashi ya waya, msasa, nusu saa nzima mpaka chuma cheupe. Tukapima habu yenyewe: 0.02. Tukarudisha diski ileile, tukaizungusha tundu moja moja maana ina nafasi nne. Nafasi ya kwanza 0.06, ya pili 0.05, ya tatu 0.03. Tukapiga alama ya chokaa hapo kwenye ya tatu. Yaani diski ileile "iliyopinda", kutoka 0.13 hadi 0.03, bila kununua kitu.

Gari Langu
Hapa nimekaa chini. Wiki hii naanza na brashi ya waya.

Spana 21
Sawa kabisa, chini ya 0.05 ndiyo tunayoitaka. Sasa hiyo tofauti ya unene 0.04 mmeifanyaje? Kusafisha habu hakurudishi unene.

Mnyalu_wa_Dar
Ndiyo tuliwaza kuichonga. Pembeni ya diski pameandikwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba yake, na baada ya ule uchongaji wa kwanza ilikuwa imebaki robo milimita tu juu ya hapo. Jirani akagoma, akasema diski nyembamba haibebi joto, Kitonga itaniua. Na madoa ya bluu yalikuwepo matatu. Kwa hiyo nimenunua mpya mbili, kulia na kushoto, na pedi mpya. Kabla ya kuzifunga tukaziosha na maji ya moto na sabuni kutoa ile oili ya kuzuia kutu, maana pedi ikiinywa imekwisha. Pini mbili mpya na mipira yake, grisi ya silikoni. Oili ya breki ilikuwa nyeusi kama kahawa, tukamwaga, tukaweka DOT 3 mpya na kutoa upepo magurudumu yote manne.

Nati tumekaza kwa msalaba, awamu mbili, na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ya kuazima.

Mwl. Tandika
Samahani, oili nyeusi inahusiana nini na kutetema?

Spana 21
Na kutetema, haihusiani moja kwa moja. Na Kitonga inahusiana sana. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji inaweza kuchemka 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka sakafuni. Mwalimu, ibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halilalamiki.

Mnyalu umezilainisha hizo pedi mpya au umeondoka nazo moja kwa moja?

Mnyalu_wa_Dar
Kulainisha vipi tena?

Spana 21
Usifunge breki za ghafla leo. Nenda barabara tulivu usiku. Toka 60 shuka hadi 20 kwa breki ya wastani, usisimame kabisa, panda tena 60. Fanya mara kumi hivi. Mwishoni tembea dakika kumi bila kugusa breki sana zipoe kwa upepo. Pedi inapaka diski utando mwembamba sawasawa mzunguko mzima. Usipofanya, utando unajipaka wenyewe kwa mabaka, na mabaka ndiyo hayohayo tuliyokuwa tunayafukuza.

Siti ya Mbele
Wakuu na mimi basi. Premio yangu inatetema hata bila breki, kuanzia 95. Nimebalansi mara mbili.

Spana 21
Rimu ni zake za kuzaliwa?

Siti ya Mbele
Hapana, za mapambo, nilizinunua mwaka jana. Zinang'aa!

Spana 21
Toa moja uangalie tundu la katikati. Habu ya Premio yako ni milimita 54.1. Rimu nyingi za mapambo zinachongwa tundu kubwa ili ziingie gari za kila aina. Hapo rimu inaning'inia kwenye nati badala ya kukaa kwenye habu, ikikaa pembeni kidogo tu inatetema. Balansi ya mashineni haiwezi kuiona. Nunua pete za kuziba hiyo nafasi, za saizi ya tundu lako kwa nje na 54.1 kwa ndani. Zipo za plastiki na za aluminiamu.

Mnyalu_wa_Dar
Marejesho. Nimetoka Iringa tena wiki hii, kilomita karibu elfu tano tangu tufunge. Kushuka Kitonga niliweka 2, sehemu mbili nikaweka L, injini ikalia kweli, mama watoto akauliza kama gari imeharibika. Breki nimegusa mara chache. Chini nikaegesha, nikaweka P, nikatoa mguu, nikaenda kusogeza mkono karibu na rimu: vuguvugu tu. Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua gunia la vitunguu, na hata na gunia nyuma, 100 kwenda 30, steringi nimeishika kwa vidole viwili. Kimya.

Bushi bado sijabadilisha, naisikia inagonga mara moja nikianza kufunga breki. Mwisho wa mwezi.

Dereva wa Mikoani
Na vitunguu umeleta?

Mwl. Tandika
Wakuu, X-Trail yangu haitetemi ila nikifunga breki inavuta kulia. Nayo ni habu?

Spana 21
Hapana Mwalimu, hiyo breki ya kushoto ndiyo haikamati sawa, kwa hiyo kulia inashinda. Anza na pini na pistoni ya kalipa ya kushoto, halafu mpira wa oili wa upande huohuo, huwa unaziba kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Fungua uzi wako, huu ni wa Mnyalu na vitunguu vyake.